Kisia Kwanza, Kisha Pima

Anayechora kwenye skrini ana msaada ambao Edward Saidi Tingatinga hakuwa nao alipokuwa akipaka rangi za makopo kwenye vipande vya hadibodi kule Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni kile kidude chenye umbo la bomba la dawa ya macho, kilichomo karibu katika kila programu ya kuchorea. Ukikigusisha kwenye picha kinakupa rangi ya pale pale ulipogusa, pamoja na namba zake. Vijana wengi wanaojifunza uchoraji wa kidijitali hawapumui bila kidude hiki. Wananyonya rangi kwenye picha wanayoiga, wanaipaka kwenye kazi yao, wananyonya nyingine, wanaipaka. Kazi ikimalizika inafanana sana na ile picha, wenzao wanaisifu, na wao hawajajifunza karibu lolote. Kesho yake mtu huyo akitakiwa kumchora shangazi yake aliyekaa barazani, pasipo picha ya kunyonya, mkono unakwama.

Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaouamini kuliko yote yatakayofuata, ni kuupindua mpangilio huo. Kisia kwanza, kisha pima. Kidude kile kiwe kitabu cha majibu, nawe usikifungue kabla hujaandika jibu lako.

Zoezi lenyewe ni hili. Piga picha kwa simu yako ya kitu cha kawaida, tuseme kikombe cheupe cha bati kilichowekwa dirishani saa tatu asubuhi, upande mmoja ukipigwa na jua. Iweke picha hiyo upande mmoja wa skrini na upande wa pili uache uwanja mtupu. Chagua sehemu moja tu, ule upande wa kikombe ulio kivulini. Utazame vizuri, kisha itafute rangi yake kwenye gurudumu la rangi kwa macho yako mwenyewe, upake doa. Ukishapaka ndipo unyonye rangi ya kweli kutoka kwenye picha na kuipaka ubavuni mwa doa lako. Wanaoanza karibu wote hukuta doa lao ni jeupe mno. Akili inajua kwamba kikombe ni cheupe, basi inauamuru mkono uchague nyeupe. Kumbe pale kivulini pana kijivu cha wastani, tena mara nyingi chenye ubuluu, kwa sababu kinachopamulika ni anga, jua halipafikii. Andika kwa maneno mawili matatu ulipokosea, halafu nenda sehemu nyingine: ndani ya kikombe, mpini, kivuli kilichoanguka juu ya saruji, pale bati linapometa, ule ukingo wa buluu mdomoni. Madoa kumi hivi na robo saa imekwisha. Funga faili. Hakuna picha ya kumwonyesha mtu, na haihitajiki.

Programu nyingi huipanga rangi kwa vipimo vitatu: aina yake, yaani kama ni nyekundu au njano au buluu, ukolevu wake, na mwangaza wake. Kila kosa utakaloandika litaangukia katika kimojawapo, na baada ya wiki kadhaa utaona kwamba makosa yako yana tabia. Yuko anayekoleza kila kitu, majani yake yote ni kijani cha bendera. Yuko anayeogopa giza, hata chumba cha usiku kwake kina nuru ya asubuhi. Yuko ambaye kila rangi yake inavutwa kuelekea njano. Ukishaijua tabia yako unajua cha kufanyia mazoezi, na hapo ndipo mazoezi yanapoanza kuzaa.

Usijilaumu kwa makosa hayo. Macho ya binadamu hayapimi mwanga, yanalinganisha. Mwaka 1995 Edward Adelson wa chuo cha MIT, Marekani, alitengeneza mchoro wa ubao wa drafti wenye silinda iliyosimama juu yake ikiangusha kivuli. Mraba mmoja ulio nje ya kivuli unauona mweusi, na mwingine ulio ndani ya kivuli unauona mweupe, ilhali yote miwili imepakwa kijivu kile kile. Hata ukiambiwa siri yake, bado macho yanakataa. Utafute mchoro huo, uufungue kwenye programu yako, unyonye rangi ya mraba mmoja uipake juu ya mwingine. Ukiiona inapotea, utaelewa kwa nini mchoraji anafundisha macho miaka yote.

Lipo jambo moja la kuangalia kuhusu namba. Kile kipimo cha mwangaza hakitoshi peke yake. Njano kali na buluu kali zote zinaweza kusomeka asilimia 100, na huku kila mwenye macho anaona njano inang'aa na buluu ni nzito. Katika hesabu ya kawaida ya skrini za kisasa, kijani huchangia takriban asilimia 72 ya mwanga tunaouona, nyekundu 21, na buluu 7 tu. Kwa hiyo ukitaka kujua giza na nuru ya picha yako zimekaaje, tengeneza leya mpya juu ya zote, ijaze rangi nyeusi, kisha ubadilishe namna yake ya kuchanganyika iwe ile inayogusa rangi peke yake. Picha nzima inageuka kijivu bila kuharibika, nawe unaweza kuizima na kuiwasha leya hiyo upendavyo. Ikiwa picha haisomeki katika kijivu, yaani uso wa mtu umezama ukutani au mashua imepotea baharini, usijisumbue kuiongeza rangi. Rekebisha giza na nuru kwanza.

Sasa suala la muda. Naulizwa mara kwa mara ni saa ngapi kwa siku zinatosha, na muulizaji mara nyingi anatarajia kutishwa. Nusu saa kila siku, ikiwa na swali moja, ina manufaa kuliko Jumamosi nzima ya kuchora ovyo. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin Magharibi. Waliokuwa bora walikuwa wamelimbikiza saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao, na kutokana na utafiti huo ukaenea ule usemi wa saa 10,000. Saa hizo zilikuwa wastani tu wa kundi moja walipofikia umri wa miaka 20, hazikuwa kizingiti ambacho ukikivuka unakuwa fundi. Jambo zito zaidi katika utafiti ule halitajwi sana: mazoezi waliyoyahesabu yalikuwa ya kurekebisha udhaifu fulani, yaligawanywa katika vipindi vyenye mapumziko, na wale bora walilala mchana zaidi kuliko wenzao. Kuchora mpaka saa tisa usiku macho yakiwa mekundu si ushujaa. Kazi ya saa hizo mara nyingi huifuta asubuhi.

David Hockney, mchoraji wa Kiingereza aliyezaliwa Bradford mwaka 1937, alianza kuchora kwenye iPhone mwaka 2009, umri umeshapita miaka 70. Alikuwa akiamka alfajiri anaichukua simu iliyo kando ya kitanda, anachora kwa kidole mapambazuko au maua yaliyo dirishani, kisha anawatumia marafiki zake. Skrini ina mwanga wake, kwa hiyo hakuhitaji kuwasha taa wala kupapasa brashi gizani. Mwaka 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona, alikuwa Normandy, Ufaransa, akichora majira ya kuchipua siku baada ya siku kwenye iPad: miti ile ile, bwawa lile lile, mvua, ukungu, maua yanavyofunguka. Kazi 116 kati ya hizo zilionyeshwa Royal Academy, London, mwaka uliofuata. Naomba uangalie alichokuwa akichora. Mzee huyu hakuhangaika kutafuta mada. Alirudia mahali pamoja, na kilichobadilika kila siku kilikuwa nuru.

Wewe nawe chagua mahali pamoja unapopaona kila siku bila gharama. Mwembe wa jirani, kona ya jiko, paa la msikiti linaloonekana kutoka dirishani, genge la mbogamboga. Pachore saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, kwa siku tofauti, madoa makubwa tu, dakika 20 bila kuingia katika majani wala vigae. Utakapofika mara ya saba au ya nane utaanza kuona mambo ambayo mwanzoni hayakuwepo machoni mwako: kwamba kivuli cha asubuhi kina ubuluu kuliko ulivyodhani, kwamba ukuta mweupe mkabala na ardhi nyekundu huchukua wekundu kwa chini.

Zingatia pia jua letu. Masomo mengi ya uchoraji yanatoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako sehemu kubwa ya mwaka jua hukaa chini na kuangusha vivuli virefu vya ubavuni. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Adhuhuri jua linakaribia utosi, kivuli cha mtu kinajikunja miguuni pake, matundu ya macho yanaingia giza, na chini ya pua na mdomo wa chini panakuwa na kivuli kizito. Ukichora mchuuzi wa Kariakoo saa saba mchana kwa mwanga wa ubavuni uliojifunza kwenye video, mtazamaji atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja.

Na hapa nifike kwenye nyuso, kwa sababu ndipo wachoraji wetu wengi wanapoumia kwa kufuata mafunzo yasiyotengenezwa kwa ajili ya watu wetu. Masomo mengi ya bure kwenye intaneti yanafundishia ngozi nyeupe. Mwalimu anaanza na rangi ya waridi iliyopauka, anaongeza wekundu mashavuni na puani, anaweka nuru kwa kuongeza nyeupe. Kijana wa Mbagala au wa Kisumu anazichukua kanuni hizo hizo, anaanza na kahawia, anaongeza nyeusi apate kivuli, anaongeza nyeupe apate nuru. Anachopata ni ngozi iliyopauka, isiyo na damu wala mafuta.

Mwanga ukianguka kwenye ngozi, sehemu yake huingia ndani, hupungua kwa kumezwa na melanini, kisha hutoka ikiwa na rangi ya ngozi yenyewe. Sehemu nyingine haiingii kabisa. Inadunda juu, penye mafuta na jasho, na inaondoka na rangi ya pale ilipotoka. Katika ngozi nyeusi ile sehemu ya kwanza ni ndogo, hivyo ile ya pili ndiyo inayoonekana waziwazi. Kwa lugha ya mchoraji, uso mweusi unasomeka zaidi kwa kumeta kwake, na kumeta huko hubeba rangi ya kinachoumulika. Mtazame mtu mweusi aliyesimama nje saa kumi alasiri. Shavu linaloelekea jua lina dhahabu. Paji la uso linaloelekea anga lina buluu, tena buluu ya wazi, ambayo hutaamini mpaka uinyonye kutoka kwenye picha. Chini ya kidevu kuna wekundu uliodunda kutoka ardhini au kwenye kanga aliyojifunga. Akihamia kwenye kibanda cha mamalishe chenye turubai ya kijani, lile paji linageuka kijani. Mtu ni yule yule.

Vivuli navyo si vyeusi. Pale nuru inapoisha taratibu, kwenye ubavu wa pua au chini ya shavu, mara nyingi kuna wekundu uliokolea. Ukitaka kanuni ya kuanzia, unaposhuka kwenda kivulini punguza mwangaza, ongeza ukolevu kidogo, na sogeza aina ya rangi kuelekea nyekundu. Unapopanda kwenda kwenye kumeta punguza ukolevu na uivute rangi kuelekea chanzo cha mwanga. Hiyo ni dhana ya kukisia tu. Upimaji ndio utakaokuambia kama imetimia kwa uso ulio mbele yako. Ngozi nyeusi nazo si za aina moja. Katika familia moja unakuta mwenye weusi unaoelekea buluu, mwenye maji ya kunde, na mwenye wekundu wa udongo. Wachore wote. Mwombe ndugu akae karibu na dirisha dakika tano huku anasoma ujumbe wake, umpige picha ya kupimia, na kabla hajainuka umchore akiwa hapo hapo.

Simu inaweza kukudanganya katika zoezi hili. Kamera nyingi za mbele zina kile kinachoitwa urembo, kinacholainisha ngozi na kuing'arisha bila kuombwa. Kizime, kwani kinafuta kumeta kule kule unakotaka kukuchunguza. Zima pia hali ya usiku ya skrini, ile inayoleta unjano jioni, kila unapochora. Na kama simu yako ina chaguo la rangi za asili badala ya rangi kali, chagua za asili. Zaidi ya hapo, kumbuka kwamba kamera huua vivuli. Jicho lako linaona vitu ndani ya giza la mlango uliofunguliwa wakati picha inaonyesha weusi mtupu. Ndiyo maana nasema changanya: siku nyingine picha, kwa sababu inapimika, siku nyingine kitu chenyewe, kwa sababu kina ukweli ambao picha haina.

Kuhusu mistari na maumbo sitasema mengi, kwa kuwa hakuna siri. Chora masanduku, mitungi na mipira kutoka pande zote mpaka uweze kuvigeuza kichwani. Chora watu walio kwenye mwendo. Kituo cha mwendokasi au foleni ya benki ni darasa la bure: mtu anabadilisha mguu, anabeba mtoto, anainama kufunga kiatu, nawe una sekunde 30 za kushika mstari wa mgongo na uzito ulipo. Kwa kazi hiyo tumia daftari na kalamu ya wino. Simu iache mfukoni kwa usalama wake, halafu wino haufutiki, kwa hiyo utalazimika kutazama kabla ya kuchora.

Kutofutika huko ndiko kunakokosekana kwenye skrini. Kitufe cha kutendua kimewaharibia wengi mikono. Mtu anachora mstari, anatendua, anachora, anatendua, mara kumi, mpaka mmoja unatokea vizuri kwa bahati. Katika nusu saa yako ya mazoezi jiwekee katazo la kutendua. Mstari ukienda kombo, chora mwingine pembeni yake na uone umekosea upande gani. Kwenye kazi ya mteja tendua utakavyo.

Kukuza picha nako kuna madhara yake. Mchoraji anaisogeza picha mpaka jicho moja linajaza skrini, anatumia saa nzima kwenye kope, anarudi nyuma anakuta jicho limekaa chini kuliko lenzake. Fanya robo tatu ya kazi picha nzima ikiwa ndogo, sawa na kadi ya mwaliko, kwa brashi moja kubwa isiyo na mbwembwe. Kila baada ya dakika chache igeuze kushoto kulia, namna inavyoonekana kwenye kioo. Kwenye programu ya Krita ni kubonyeza herufi M tu. Kasoro za uso uliopinda zinajitokeza papo hapo, kwani macho yalikuwa yamezizoea. Na uache kupakua mafurushi ya brashi. Brashi moja ya duara yenye ukingo mgumu na moja laini zinatosha mazoezi ya miezi mingi. Tingatinga alikuwa na makopo machache ya rangi zile za kupakia baiskeli, na katika miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 1972 aliacha mtindo ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mara moja kwa wiki jifungie wewe nawe katika rangi chache: nyeusi, nyeupe, moja ya udongo na moja ya buluu. Utashangaa jinsi kijivu kinavyoweza kuonekana buluu kikizungukwa na kahawia.

Vifaa visiwe kisingizio. Krita ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida, hata za zamani kiasi. Kwenye simu ibisPaint inafaa, na ina faida ya kurekodi hatua zako zote. Vibao vya kuchorea visivyo na skrini, vya kampuni kama Huion, XP-Pen au Wacom, ni nafuu kuliko vishikwambi vyenye kalamu. Wiki mbili za mwanzo mkono na jicho havielewani, kisha unasahau kama viliwahi kukosana. Kwa mazoezi uwanja wa pikseli 1,000 kwa upana unatosha na hauielemei simu. Ukitaka kuchapisha kwenye karatasi ya A4 kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi, anza na 2,480 kwa 3,508, na ujue mapema kwamba kijani na buluu zile za kuwaka hazitatoka hivyo kwenye karatasi.

Lile suala la kurekodi lina faida kuliko watu wanavyodhani. Itazame video ya kazi yako ya mwisho kwa kasi na uulize muda umekwenda wapi. Karibu kila mara utaona dakika tano kwenye mpangilio wa picha na saa mbili kwenye nywele. Kazi inayofuata, geuza: chora mipangilio minne midogo ya kijivu, kila mmoja wa ukubwa wa stempu, ndipo uchague mmoja.

Kunakili nako ni zoezi halali, tofauti na wanavyodai baadhi ya walimu wanaohofia wizi. Vincent van Gogh alipoamua kuwa mchoraji mwaka 1880, akiwa na umri wa miaka 27, alinakili karatasi baada ya karatasi za kozi ya uchoraji ya Charles Bargue, na karibu na mwisho wa maisha yake aliirudia kozi hiyo. Ila nakili kwa swali. Ukinakili ukurasa wa mchoraji wa katuni unayempenda, uliza amewekaje mikono ya watu watatu bila kuchanganya. Kesho yake, bila kuutazama, chora mikono mitatu ya kwako kwa njia ile. Hatua hii ya pili wengi wanairuka, na bila hiyo nakala haikuachii kitu. Na kazi ya kunakili usiitie jina lako ukaiuza.

Mazoezi peke yake hayatoshi pia. Nimeona vijana wenye mafaili mia ya madoa na duara ambao hawajawahi kumaliza picha moja. Kila wiki mbili au tatu maliza kazi kamili, yenye mahali, mtu, na jambo linalotokea. Godfrey Mwampembwa, tunayemjua kwa jina la Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969 na kujiunga na gazeti la Nation jijini Nairobi mwaka 1992. Mchora katuni wa gazeti la kila siku hawezi kusubiri hamu imjie: saa ya kupeleka kazi ikifika, kazi inakwenda ilivyo. Jipangie tarehe ya namna hiyo na uiheshimu. Kazi ikiwa na kasoro iache na kasoro zake, ziandike, na zigeuze kuwa swali la nusu saa zako za wiki inayofuata. Kama mikono ndiyo iliyokushinda, wiki nzima ni mikono. Kama ni nyuma ya picha kulikokuwa kumejaa mno, wiki nzima ni kuta na miti kwa rangi tatu.

Umeme ukikatika na chaji imekwisha, chora kwenye daftari kwa mwanga wa mshumaa. Mwanga mmoja wa karibu na giza pande zote ni somo zuri la vivuli. Ukiwa mgonjwa au na msiba, acha kabisa na usijiwekee deni la kulipa. Ukirudi, anza na madoa kumi ya kikombe.

Halafu tafuta mtu mmoja wa kukutazamia kazi, na si lazima awe mchoraji. Usimwulize kama picha ni nzuri, kwa kuwa atakujibu kwa adabu. Mwonyeshe kwa sekunde tatu, ifunike, kisha mwulize ameona nini kwanza. Akisema ameona kikapu, na wewe ulitaka aone uso wa mama aliyekibeba, washa ile leya ya kijivu. Yawezekana utakuta weupe mkali na weusi mzito vimekutana ukingoni mwa kikapu, na uso umebaki katikati ya vijivu viwili vinavyokaribiana. Fifisha ukingo ule, ongeza tofauti kwenye shavu na nyuma yake, mwonyeshe tena.